Chaza wamenona, mbona watoto wao hawavuki wiki?

"Daktari, salaam. Tuko kikundi cha watu tisa hapa Jomvu, Mombasa. Tumechoka kungoja mbegu ya chaza ijishikize yenyewe kwenye vigae, tukaamua kuzalisha. Mwezi wa pili tulitoa chaza majike 60 kwenye mikoko tukawaweka kwenye tangi la lita 1,000. Kwa wiki saba tumewalisha maji ya kijani kutoka tangi la perege la jirani, na kila jioni vijiko viwili vya unga wa mahindi uliochekechwa. Wamenona sana, ukimfungua mmoja ndani ni mweupe pe. Tukawapandisha joto wakamwaga mayai, mamilioni. Viluwiluwi vikatoka, vikaogelea vizuri, kisha vikaanza kuzama. Mara ya kwanza vilifika siku ya saba, mara ya pili havikuvuka siku ya nne. Tunavilisha maji yale yale ya kijani. Mwenzetu anayefuga kuku anasema mayai yamekosa mafuta, tutie mafuta ya samaki ya chupa, au hata ya nazi. Je, chakula cha mama kinaweza kubadilisha mafuta ya yai? Na tutie mafuta gani?"

Pole ndugu yangu, na poleni kikundi kizima. Mara mbili mfululizo, tena kwa namna inayofanana, hapo kuna kitu cha kusoma.

Nikikuelewa vizuri, unataka kujua kama anachokula chaza mzazi kinaingia kwenye mafuta ya mayai yake. Kinaingia, tena kuliko watu wanavyodhani. Unauliza pia mtie mafuta gani kwenye tangi, na hapo jibu langu ni fupi: msitie. Si ya samaki, si ya nazi, si ya alizeti. Mwenzenu wa kuku amepatia nusu ya jambo. Yeye anajua kuku aliyeshindiliwa dagaa hutaga yai linalonuka dagaa, na ni kweli kwamba mafuta ya chakula hufika hadi kwenye kiini. Lakini kuku ana mdomo na firigisi. Chaza anakula kwa kuchuja maji, na hilo linabadilisha hesabu yote.

Kabla ya mafuta, nina neno kuhusu hao majike 60. Mliwajuaje? Chaza hana alama ya nje ya kike wala ya kiume. Tena hawa wetu wa mikokoni wengi huanza maisha wakiwa madume, kisha wakikua baadhi yao hugeuka majike, kwa hiyo ukichagua wadogo wadogo kwa sababu ni wepesi kubandua, huenda umebeba madume matupu. Ukitaka kujua, fungua wachache uwatoe kafara. Chokoa tezi ya uzazi kwa ncha ya kisu, dondosha kile kiowevu kwenye gilasi ya maji safi ya bahari, uishike mbele ya dirisha. Mayai hutawanyika kama chengachenga za sembe, kila chembe ikizama peke yake. Manii hujivuta kama maziwa kwenye chai ya rangi kabla hujakoroga. Hadubini haihitajiki, macho yanatosha.

Sasa huo weupe. Sisi watu wa Pwani tukimwona chaza amejaa, ndani mweupe kama tui zito, tunasema ana mafuta. Hana. Gramu 100 za nyama mbichi ya chaza zina mafuta gramu 2 hivi, pungufu au zaidi kidogo kulingana na msimu. Kinachomnenepesha ni vitu viwili: glaikojeni, ambayo ni wanga wa wanyama, na tezi yenyewe ya uzazi inapovimba kwa mayai au manii. Kwa hiyo chaza anaweza kunona pomoni huku mafuta anayoyahitaji yai yakiwa yamepungua. Unga wenu ulifanya kazi yake. Mwaka 1965 kuna mtafiti Marekani aliyechapisha majaribio ya kuwalisha chaza wanga, na wakanenepa kweli. Kwa anayemuuzia mwenye hoteli, hiyo ni habari njema. Kwa anayetaka watoto, ni nusu ya habari.

Nieleze kwa nini. Zamani jahazi haliondoki Bandari ya Kale bila masurufu: maji, mchele, tende, ng'onda. Yai la chaza ni chombo cha namna hiyo. Lina upana wa mikroni 50 hivi, yaani ukiyapanga 20 kwenye mstari ndipo upate milimita moja. Mama akishalimwaga majini hana tena la kulisaidia. Kwa joto la maji yetu, ndani ya siku moja hivi yai lililorutubishwa linakuwa kiluwiluwi chenye magamba mawili, umbo la nusu mwezi, na ndipo mdomo unapoanza kazi. Mpaka hapo kimeishi kwa alichopakia mama tu. Hata baada ya hapo, siku kadhaa za mwanzo kinakula kidogo kwa kubahatisha huku kikimalizia masurufu. Na kitu kikuu ndani ya masurufu hayo ni mafuta, maana gramu moja ya mafuta hutoa nishati maradufu ya gramu ya wanga, na ndani ya chombo kidogo namna ile nafasi ni haba.

Lakini mafuta ya yai ni ya aina mbili, na hapa ndipo watu wengi hupotea. Kuna mafuta ya akiba, wataalamu huyaita trigliseridi, ambayo huchomwa kuwa nguvu. Hicho ndicho chakula cha mabaharia. Kisha kuna fosfolipidi, mafuta yanayojenga ukuta wa kila seli. Hizo ni mbao za jahazi lenyewe. Kiluwiluwi kinagawa seli zake kwa kasi kubwa, na kila seli mpya inadai ukuta mpya. Mama aliyelishwa unga anaweza kugeuza sehemu ya wanga ule kuwa mafuta ya akiba, maana chaza wanajua kufanya hivyo. Ndivyo glaikojeni yao inavyoisha tezi ya uzazi inapojaa. Mbao, hapana. Mbao nyingine lazima zitoke nje.

Mafuta hayo yamejengwa kwa asidi za mafuta, na ukiitazama asidi ya mafuta ni mnyororo wa kaboni. Ya nazi nyingi ina kaboni 12. Ya mahindi na alizeti nyingi ina 18. Ukuta wa seli ya kiumbe wa bahari unataka minyororo mirefu zaidi, hasa miwili ya omega 3: EPA yenye kaboni 20 na DHA yenye kaboni 22. Upo na wa tatu, ARA, wa kaboni 20 wa jamii ya omega 6, ambao mwili huutumia kutengeneza vichocheo vinavyohusika na kumwaga mayai. Perege wa jirani yako akila chakula chenye kaboni 18 anaweza kuirefusha mwenyewe hadi 20 na 22. Chaza uwezo huo anao kidogo mno. Asichokila hakipati, au anakipata kiduchu kisichotosha mamilioni ya mayai. Steroli, mafuta mengine ya ukuta wa seli, nazo ni vivyo hivyo, kwa sehemu kubwa huzitegemea kutoka kwenye chakula.

Basi chakula chenyewe ni nini? Ni vijimwani, mwani mdogo usioonekana kwa jicho, unaoelea majini na kuyapa rangi. Na si vyote sawa. Yale maji ya kijani ya tangi la perege mara nyingi ni Chlorella na ndugu zake wa maji baridi. Ni kijani cha kupendeza, lakini minyororo ya kaboni 20 na 22 karibu haipo kabisa, na seli ina ganda gumu ambalo tumbo la chaza hulipasua kwa shida. Nyingi huingia kijani na kutoka kijani. Angalieni kinyesi chao chini ya tangi mtaona. Juu ya hayo, kila ndoo mliyomimina ilipunguza chumvi ya tangi na kuleta bakteria wa perege. Kwa wiki saba, wazazi wenu walikuwa wakila shibe isiyo na mbao.

Hili linanirudisha kwenye kitu ulichokiandika kwa kupita, nami nimekisoma mara tatu: mara ya kwanza viluwiluwi vilifika siku ya saba, mara ya pili siku ya nne. Chaza akitolewa horini, yaani kwenye mkono wa bahari, hatoki mikono mitupu. Mwilini ana EPA na DHA alizokusanya kwa miezi, na DHA iliyoko kwenye kuta za seli zake huishikilia kwa uchoyo hata chakula kikiwa duni. Mafuta ya akiba hubadilika upesi kufuata chakula, siku chache hadi wiki. Yale ya ukuta hubadilika polepole. Kwa hiyo yai la kwanza bado huwa na urithi wa hori ndani yake. Ukimrudisha mama kwenye chakula kile kile, akajaza mayai mapya, sasa anachota kwenye gunia tupu. Matokeo ya pili kuwa mabaya kuliko ya kwanza yanafanana sana na hadithi hiyo.

Yanafanana, lakini hayathibitishi. Tangi lililokaa miezi miwili na unga unaochacha kila jioni, kwa joto la kaskazi, ni shamba la bakteria wa jamii ya Vibrio, na hao huua viluwiluwi kwa mtindo huo huo: wanaogelea leo, kesho wamezama. Na lipo jambo la tatu, ambalo kwangu ndilo lenye uzito mkubwa: watoto nao mliwalisha maji yale yale. Hata yai lenye masurufu ya kwenda Muscat na kurudi, mtoto akimaliza akiba yake siku ya tatu au ya nne na mezani hakuna kitu anachoweza kukisaga, atakufa. Mama bora hununua siku tu. Kwa hiyo mwenzenu anaposema mayai yamekosa mafuta, yawezekana kabisa, lakini asiwafiche watoto wenye njaa nyuma ya mama yao.

Kuhusu chupa ya mafuta ya samaki, nisije nikaonekana nawakatalia kwa ukaidi. Maabara zimewahi kuwaongezea chaza na jamaa zao mafuta ya samaki, na muundo wa mafuta ya mwili na ya mayai ukabadilika. Lakini wao huyavunjavunja kwa mitambo hadi yawe matone ya mikroni chache yasiyoungana tena, hupima kipimo kwa uzito wa vijimwani, na hubadilisha maji kwa ratiba. Nyinyi mkimimina kijiko tangini, mafuta yataelea juu, yatachacha kwa jua, na yatakayoshuka yatagandamana kwenye matamvua ambayo chaza anapumulia na kulia hapo hapo. Na mafuta yaliyochacha yanaweza kumdhuru mtoto. Ya nazi yaacheni jikoni.

Sasa tuzungumze cha kuwalisha. Vijimwani vinavyotumika zaidi kwa wazazi ni jozi ya Isochrysis na Chaetoceros, na sababu ni kwamba kila mmoja anaficha aibu ya mwenzake. Isochrysis ana DHA nyingi, takriban sehemu moja kwa kumi ya asidi zake zote za mafuta, lakini EPA hana la kusema. Chaetoceros, ambaye ni daiatomu, yaani kijimwani chenye ganda la kioo, ana EPA nyingi na ARA kidogo, huku DHA yake ikiwa ndogo. Ukiwachanganya nusu kwa nusu umepata karibu yote. Tetraselmis ni mkubwa, mgumu kufa, ana EPA kiasi lakini DHA hana. Ni kijazio kizuri, si nguzo. Dunaliella hukua vizuri sana kwenye maji ya chumvi na watu humpenda kwa hilo, ila minyororo mirefu hana kabisa. Nannochloropsis ana EPA, lakini ni mdogo wa mikroni 2 hadi 4 hivi, mwingi wake hupenya kwenye matamvua bila kunaswa, na ganda lake gumu. Watafiti bado wanavutana kuhusu kipi kina kazi kubwa zaidi kwenye yai, EPA au DHA, na majibu hutofautiana kwa aina ya chaza. Lisilobishaniwa sana ni kwamba mchanganyiko hushinda kijimwani kimoja.

Kuna aina ya Isochrysis iliyotolewa Tahiti, inavumilia joto kuliko ndugu zake, na ndiyo mngetafuta. Pavlova, anayesifiwa kwa kuwa na EPA na DHA pamoja, joto la banda la mabati la Jomvu litamuua. Chaetoceros naye lazima apate silika, madini ya kioo, kwenye mbolea yake, kwa sababu ganda la daiatomu ni la kioo. Wengi humpandia mbolea ile ile ya wengine, akadumaa, wakadhani mbegu ni mbovu. Na vuneni mapema, wakati maji bado yanazidi kukolea. Kijimwani kilichozeeka kwenye mtungi hujaza mafuta zaidi, ndiyo, lakini ni ya akiba, na ile minyororo mirefu hupungua kwa uwiano. Hapo tena mafuta mengi si mafuta mazuri.

Kiasi. Kanuni inayotumika kwenye vituo vya kuzalishia ni kuwapa wazazi kila siku vijimwani ambavyo uzito wake mkavu ni asilimia 3 ya uzito mkavu wa nyama yao. Chukueni chaza watano, toeni nyama, kausheni kwenye oveni isiyo kali mpaka uzito usishuke tena, pimeni. Tuseme wastani ni gramu 0.8, na mna wazazi 40. Hiyo ni nyama kavu gramu 32. Asilimia 3 yake ni karibu gramu 1. Seli milioni moja za Isochrysis zina uzito wa miligramu 0.02, kwa hiyo gramu 1 ni seli bilioni 50. Mtungi wenye seli milioni 8 kwa kila mililita utawadai lita 6 na kidogo kwa siku. Na kama mnavuna robo ya mtungi kila siku na kuongeza maji mapya, mnahitaji mtungi wa lita 25 unaokua vizuri wakati wote, bila kuhesabu wa akiba, na wa akiba lazima uwepo kwa sababu wa kwanza utakufa siku ya sikukuu. Nimewafanyia hesabu hii muone si mzaha wala si muujiza. Ni kazi ya kila siku ya mtu mmoja anayenawa mikono.

Msizidishe mkidhani mtawahi. Chakula kikivuka asilimia 6 hivi, chaza huanza kuelekeza nguvu kwenye kukua nyama na gamba badala ya mayai. Muda nao: kwenye nchi za baridi wazazi hulishwa wiki 4 hadi 8. Kwetu maji huwa kati ya nyuzi 25 za kusi na karibu 30 za mwisho wa kaskazi, kazi huenda haraka, na hata chaza wetu hawana ule mzunguko wa kujaza glaikojeni mwaka mzima na kumwaga mara moja. Huwa na mayai karibu miezi yote, na vilele vyake.

Na hilo ndilo linalonifanya niwashauri jambo ambalo halitawafurahisha baada ya kununua tangi: msiwalishe wazazi kabisa. Mwacheni bahari awalishe. Maji ya hori ni mchanganyiko wa daiatomu na vijimwani vya kila namna, yale ambayo maabara huyaigiza kwa mitungi miwili. Wafungeni wazazi kwenye vikapu vya plastiki, muwatundike chini ya kiwango cha maji kupwa ili wasikauke kamwe. Wale mnaowaona wamejishikiza juu kwenye mizizi ya mkoko na mlilana, maji ya bamvua yakipwa hukaa nje saa nyingi wakiwa wamefunga midomo. Aliyefunga mdomo hali. Ukimshusha chini, saa za kula huongezeka, na hiyo peke yake ni lishe. Baada ya wiki kadhaa, fungueni wawili watatu kila juma, fanyeni jaribio la gilasi. Siku mtakapoona mayai yamejaa, waleteni bandani asubuhi, wamwage mchana. Tangi litumike kwa watoto.

Kuna tahadhari. Mvua ya mwaka ikishika, mito ya Kombeni na Tsalu humwaga maji baridi horini Tudor, chumvi hushuka ghafla, na chaza hufunga gamba akaishi kwa akiba. Mzazi wa wakati huo anakula mafuta ya mayai yake mwenyewe, kwa kusema. Ngojeni maji yatulie kabla ya kumchukua. Na kwa kuwa upande wetu wa hori hupokea maji taka, wazazi hao ni wa mbegu, si wa ndimu na pilipili.

Nimesema naamini watoto wana njaa yao wenyewe. Msiniamini kwa maneno, jaribuni. Chukueni kundi moja la wazazi waliokomaa moja kwa moja kutoka horini, na kundi la wale wa tangini. Wamwagisheni siku moja. Viluwiluwi viwekeni kwenye ndoo tofauti, maji yale yale yaliyochujwa, viluwiluwi 5 kwa kila mililita, chakula kile kile, na chakula hicho kiwe Isochrysis hai mliyoiomba au kuinunua, maana Tetraselmis kwa mdomo wa umri huo ni donge. Ongezeni ndoo ya tatu ya watoto wa horini wasiolishwa chochote. Badilisheni maji kila baada ya siku mbili. Kama watoto wa horini wanapeta na wa tangini wanakufa, mwenye kosa ni chakula cha mama. Kama wote wa ndoo mbili wanapeta, kosa lilikuwa chakula cha watoto. Wote wakifa pamoja siku ya nne, acheni kabisa habari ya mafuta; tafuteni kwenye maji, mabomba na bakteria. Na ndoo ya tatu itawaonyesha masurufu ya mama hufika siku ya ngapi, jambo ambalo hamtalisoma mahali popote kwa chaza wa Jomvu.

Mkipata hadubini, hata ya shule ya sekondari, yatazameni mayai kabla ya kuyarutubisha. Yakichokolewa huanza na umbo la peya, kisha majini huviringika. Yenye afya ni meusi meusi, chembechembe zake zimeenea sawasawa mpaka ukingoni. Yenye upungufu hupenyeza mwanga, yana mabaka, mengine hayaviringiki. Kwa kiluwiluwi cha siku tatu, tazameni tumbo: lenye rangi ya dhahabu au kahawia limeshiba, lililo wazi kama kioo lina njaa. Hivyo ndivyo ningeanza mimi kabla ya kutumia shilingi kwenye kipimo chochote.

Chaguo la vijimwani vilivyokolezwa vya kuagiza nje lipo. Vinafaa, ni ghali, vinataka friji, na tarehe ikipita mafuta yake marefu ndiyo ya kwanza kuharibika. Kwa kikundi cha watu tisa ningeviweka kama akiba ya dharura. Lipo pia chaguo la kurudi kwenye vigae mlivyochoka navyo. Sisemi hivyo kuwavunja moyo. Vituo vingi vya ufugaji wa chaza duniani bado huishi kwa mbegu iliyojishikiza yenyewe, na Gazi, kule Kwale, ambako chaza wa mikokoni wamechunguzwa tangu miaka ya 1990, si mbali kwenda kuangalia. Huenda tatizo lenu lilikuwa mwezi mlioviweka na kina mlichoviweka.

Kuna mambo ambayo maandishi hayafiki. Jaribio la ndoo likionyesha vifo kila mahali, au mkiona wazazi wenyewe wanaachama gamba na kunuka, msiendelee kubahatisha. Nendeni Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, makao yake yako Mkomani, au mwulizeni mwalimu wa sayansi ya bahari Chuo Kikuu cha Kiufundi pale Tudor. Kupima asidi za mafuta za mayai kunahitaji mashine, na hakuna haja mpaka jaribio la ndoo limewaelekeza kwa mama. Afisa wa uvuvi wa kaunti naye apitiwe mapema, kwa sababu kutoa wazazi mikokoni na kuhamisha mbegu hai kutoka hori moja kwenda jingine ni mambo ya kibali, na mbegu ya kigeni msiiguse bila yeye.

Mkienda, pelekeni chaza sita wa tangini na sita wa horini, wakiwa hai, wamefungwa kwenye gunia lililoloweshwa maji ya bahari, kivulini, bila barafu na bila kuwatumbukiza kwenye ndoo. Mayai na viluwiluwi wekeni kwenye chupa safi za maji ya bahari, jazeni nusu tu ili kuwe na hewa, na mfike asubuhi hiyo hiyo. Lile daftari la tarehe, joto na ndoo za maji ya kijani, kama mliliandika, lichukueni pia. Kama hamkuliandika, anzeni leo jioni, na unga msitie.